"Bidhaa Iliyouzwa Hairudishwi": Historia ya Haki Moja Inayoizidi Kolwezi Umri



Chukueni fakture ya depo ya vifaa vya ujenzi hapa kwetu, iwe ya Dilala ao ya Manika. Tazameni chini kabisa, pale muuzaji anapogonga muhuri. Mara nyingi mtakuta mstari mmoja wa Kifaransa unaosema kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Tumeuzoea mpaka hatuusomi tena. Mama akirudi depoti na lata lililotoboka baada ya mvua ya kwanza, kijana wa mlangoni anauonyesha kwa kidole, na maneno yanaishia pale.

Leo tuulize swali la historia: huo mstari una nguvu gani? Na kama kuna sheria inayoupinga, kwa nini watu wa Kolwezi hawaitumii? Jibu litatuzungusha mbali kidogo, mpaka Babeli na Roma, lakini tutarudi nyumbani. Vumilieni.

1. Kasoro inayoonekana kazi ikiisha

Tuanze na vitu vyenyewe, maana hapa ndipo ugumu ulipo. Ukinunua viatu na soli ikabanduka, unavishika mkononi na kuvirudisha. Simenti hairudi. Ikishachanganywa na mchanga na maji, ndani ya saa chache imeshika, na nguvu yake mainjinia wanaipima ikifika siku 28. Mfuko wa kilo 50 ulioshika unyevu njiani kutoka Zambia, ao uliokaa miezi mingi katika depo inayovuja, unaweza kuwa na mabonge ndani. Mtu akiyaponda na kufunga mfuko upya, jicho lako halitaona kitu. Utajua baadaye, siku plasta itakapoanguka ukiigusa kwa kidole.

Malata nayo yana ujanja wake. Wote tunajua zile namba: BG 28, BG 30, BG 32. Wengi hawajui kwamba namba ikipanda, unene unashuka. BG 28 ina karibu milimita 0.40, BG 30 karibu 0.31, BG 32 karibu 0.25. Tofauti ya BG 28 na BG 32 ni milimita 0.15 tu, yani kama karatasi moja na nusu ya daftari. Nani ataiona kwa macho, juani, sokoni? Lakini hiyo karatasi moja na nusu ni zaidi ya theluthi moja ya chuma ulicholipia.

Na hasara haibaki kwenye bei ya lata. Lata baya likiwa limekwisha kupigiliwa, umepoteza misumari, mshahara wa fundi, pengine na mbao. Mvua zetu zikianza mwezi wa kumi na kuendelea mpaka wa nne, godoro linalowa, unga unaharibika, vitabu vya watoto vinaoza. Basi neno "nirudishie bei" ni dogo kuliko maumivu yenyewe.

Halafu kuna mchezo wa kutupiana. Muuzaji anasema: "Mama, simenti yetu iko muzuri, masoni njo aliharibisha." Masoni anasema mchanga ulikuwa na udongo. Mwenye mchanga anasema ni ardhi. Na hapa Kolwezi ardhi kweli inaweza kuwa na kosa! Kumbukeni Kasulo: mwaka 2014 mtu mmoja alichimba katika parseli yake akakuta madini ya kobalti, na baada ya muda mfupi watu walikuwa wanachimba vishimo mpaka ndani ya nyumba. Kumbukeni pia Cité Gécamines: ripoti ya Amnesty International pamoja na shirika la IBGDH ya hapa Kolwezi, iliyotoka mwaka 2023, ilieleza malalamiko ya wakaaji kwamba baruti za mgodi wa jirani zinapasua kuta zao. Kwa hiyo ukuta ukipasuka katika mji huu, washitakiwa wako wanne ao watano, na kila mmoja anaonyesha mwenzake.

2. Swali la zamani kuliko fakture

Watu waligombana juu ya nyumba mbovu tangu walipoanza kujenga. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa katika jiwe karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, zina vifungu vitano vinavyofuatana (229 mpaka 233) juu ya mjenzi. Nyumba ikianguka na kumuua mwenye nyumba, mjenzi anauawa. Ikiharibu mali, anailipa na kujenga upya kwa gharama yake. Na hata kama haijaanguka bado, ukuta ukianza kuinama tu, anautengeneza kwa feza yake mwenyewe. Adhabu ya kifo hatuitaki leo, lakini angalieni kifungu cha mwisho: kazi mbaya inamrudia aliyeifanya.

Waroma walileta wazo la pili. Maofisa wa soko la Roma walitoa amri kwamba anayeuza mtumwa ao mnyama lazima atangaze magonjwa na kasoro zake mbele ya watu. Asipotangaza, mnunuzi ana njia mbili: kurudisha alichonunua na kupewa bei yake ndani ya miezi sita, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei ndani ya mwaka mmoja. Inauma kusoma kwamba kanuni hii ilianzia pale binadamu alipouzwa. Lakini ndiyo asili yake, na zile njia mbili bado ziko katika vitabu vyetu.

Upande wa Mashariki, ile Waswahili wa pwani waliyokuwa wanaijua ni fikihi ya Kishafii. Nayo inampa mnunuzi hiari akikuta aibu katika kitu, aibu iliyokuwapo kabla hajakipokea. Anatakiwa kusema mara moja, bila kuchelewa. Na kama kitu kimekwisha kubadilika mkononi mwake mpaka hakiwezi kurudishwa kama kilivyokuwa, analipwa tofauti ya thamani. Fikirieni simenti iliyokwisha kuingia ukutani: wanachuoni wale hawakuijua, lakini swali lake walikuwa wamelijibu. Wapo wafanyabiashara wa pwani waliofika mpaka Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, katika karne ya 19. Kwa hiyo fikra kwamba muuzaji anawajibika kwa aibu aliyoificha haikuingia Katanga kwa mlango mmoja tu.

3. Brussels, tarehe 30 mwezi wa saba 1888

Sasa tufike kwenye sheria yetu wenyewe. Zile njia mbili za Waroma ziliingia katika Code civil ya Napoleon mwaka 1804, kuanzia kifungu cha 1641. Ubelgiji ikairithi. Halafu tarehe 30/7/1888, Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II likatoa dekrete juu ya mikataba, iliyofuata mfano wa Kibelgiji. Dekrete hiyo ndiyo msingi wa Kitabu cha Tatu cha Code civil yetu mpaka leo. Waliosoma sheria kati yenu wanajua kifungu cha 33, kwamba mkataba ni sheria kwa walioufanya, na kifungu cha 258, kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Katika kitabu hichohicho, sehemu ya mauzo, muuzaji anadhamini kasoro zilizofichika, zile avoka wanaziita vices cachés.

Tazameni tarehe vizuri. Mwaka 1888 Katanga haikuwa chini ya Leopold. Msiri alikuwa bado anatawala Bunkeya. Aliuawa tarehe 20/12/1891, wakati wa msafara wa Stairs. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Kolwezi yenyewe ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Yani haki ya kurudisha bidhaa mbovu ilikuwa imeandikwa karibu nusu karne kabla ya mji wetu kuzaliwa.

Lakini iliandikwa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya babu zetu. Katika koloni, sheria ya kiraia iliyoandikwa ilikuwa ya Wazungu na ya wale Waafrika wachache waliokubaliwa kuandikishwa. Wengine wote waliachiwa desturi, na mtu mweusi hakuhesabiwa kama mnunuzi mbele ya kitabu kile. Hiyo ni sababu ya kwanza ya ukimya wetu: sheria ilikuwa katika nchi, lakini haikuwa ya watu wa nchi.

4. Mji ambao mwajiri alikuwa fundi

Sababu ya pili ni ya kwetu kabisa, ya mji wa mgodi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliamua kumkalisha mfanyakazi pamoja na mke na watoto, badala ya kumwajiri kwa miezi michache na kumrudisha kijijini. Ikajenga kambi: nyumba, hospitali, shule. Wazee wetu wa Musonoie, wa Kamoto, wa Luilu waliishi hivyo. Kampuni ndiyo ilikuwa inachagua tofali na lata. Nyumba ikivuja, unapeleka habari kwa mkubwa wa kambi, na fundi wa kampuni anatumwa. Baada ya serikali kuichukua Union Minière, tarehe 1/1/1967, jina likabadilika mpaka likawa Gécamines, lakini utaratibu huo uliendelea.

Si vibaya kukumbuka kwamba nyumba zile nyingi zilikuwa imara. Lakini tuseme ukweli: mtu aliyezaliwa, akaoa na kuzeeka katika nyumba ya kampuni hakuwahi kununua mfuko wa simenti. Alijua kuomba, na alijua kulalamika kwa mkubwa wake. Kudai kama mnunuzi, kwa fakture mkononi, hakufundishwa na mtu. Haki ya mnunuzi ni kama lugha: usipoisema nyumbani, watoto hawataijua.

Halafu mambo yakavunjika moja baada ya lingine. Tarehe 30/11/1973 Mobutu alitangaza zairianisation: biashara za wageni, pamoja na maduka, zikapewa Wazaire, na mengi yakafilisika. Wiki chache baadaye, tarehe 10/1/1974, ikazaliwa ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa, OZAC, ambayo leo tunaiita OCC. Ukaguzi wa serikali ulianza wakati uleule ambapo mtandao wa biashara ulikuwa unayumba. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1991 Kolwezi ikaporwa. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ikaanguka vibaya mno.

Mwaka 2003 na 2004 ukaja mpango wa "départs volontaires", kwa feza za Benki ya Dunia. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya mara moja wakaaga kazi. Tangu hapo nyumba ikawa shida ya mtu mwenyewe. Mtu ambaye miaka 30 alitumiwa fundi na kampuni, sasa alisimama mbele ya depo na feza yake ya mwisho, akachagua simenti kwa kuangalia rangi ya mfuko. Na mji ukazidi kupanuka: migodi mipya ikafunguliwa, Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba mwaka 2015, parseli zikasambaa kila upande. Masoko ya vifaa yakakua kwa kasi. Maarifa ya mnunuzi hayakukua pamoja nayo.

5. Mlango wa 2012 haukufunguliwa kwa wote

Mtu atasema: lakini si tuliingia OHADA? Ndiyo. Sheria za OHADA zilianza kutumika Kongo tarehe 12/9/2012, na sheria yake ya biashara ina sura nzuri juu ya mauzo. Mfanyabiashara aliyenunua kwa mfanyabiashara mwenzake akikuta kasoro ya wazi, ana mwezi mmoja wa kuitangaza. Ikiwa kasoro ilifichika, ana mwaka mmoja tangu aigundue.

Kumbe sura hiyo inawaondoa wazi wale wanaonunua kwa matumizi yao wenyewe, nje ya kazi ya biashara. Matokeo yake ni ya ajabu. Mwenye depo aliyeletewa malata mabovu na msambazaji ana sheria ya mwaka 2010 ya kumsaidia. Mama aliyenunua malata yaleyale kwa mwenye depo anarudi kwenye dekrete ya 1888.

Majirani walichukua njia nyingine. Kenya, katika Katiba yake ya 2010, kifungu cha 46, iliandika kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari, na ya kulipwa hasara inayotokana na kasoro. Mwaka 2012 ikaongeza sheria maalumu ya kumlinda mnunuzi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inadhamini haki ya makao yanayofaa. Ni neno kubwa na zuri, lakini halimwambii mama aende wapi na lata lake lililotoboka. Kwa hiyo tusome ile ya zamani tuone inatoa nini.

6. Sheria ya zamani inasema nini hasa

Tuweke mfano wa kubuni, na hesabu nyepesi. Mama amenunua malata 40, tuseme kwa dola 10 kila moja. Fakture inasema BG 28. Fundi na misumari vimemgharimu dola 150. Mvua za pili zinafika, malata yanatoboka, godoro na akiba ya unga vyenye thamani ya dola 250 vinaharibika. Yakipimwa, malata ni BG 32. Jumla ya hasara: dola 800. Huyu mama ana mkono wa kushika mara mbili: hakupewa kile kilichoandikwa, na kile alichopewa kina kasoro ambayo jicho halikuweza kuiona. Tufuate njia hii ya pili.

Kanuni tuliyorithi inauliza maswali manne.

Kwanza: kasoro ilifichika, ao ilikuwa wazi? Ukinunua lata lenye kutu inayoonekana, umekubali. Unene wa milimita 0.15 uliokosekana hauonekani. Mama yuko salama hapa.

Pili: kasoro ilikuwapo siku ya kununua? Hapa ndipo masoni, mchanga na ardhi wanaitwa kutoa ushahidi. Kwa malata, jibu ni rahisi, maana lata halipungui unene likilala juu ya nyumba miaka miwili, isipokuwa pale kutu ilipolila. Kwa simenti ni ngumu zaidi.

Tatu: mnunuzi anachagua nini? Anaweza kurudisha vitu na kudai bei yote, ao kubaki navyo na kudai sehemu ya bei. Njia ya pili ndiyo ya vitu vilivyokwisha kupigiliwa ao kumwagwa. Anayekwambia "haiwezi kurudi, kwa hiyo huna haki" anasahau nusu ya kanuni, nusu ambayo imekuwapo tangu Roma.

Nne, na hili ndilo la feza kubwa: muuzaji alijua? Kama hakujua, anarudisha bei na gharama za mauzo, yani karibu dola 400 tu katika mfano wetu. Kama alijua, analipa na hasara nyingine zote, mpaka godoro na unga. Tofauti ya dola 400 inaning'inia kwenye neno moja, "kujua." Korti za Ufaransa zilisoma maneno yaleyale ya Code civil na zikaamua kwamba anayeuza kama kazi yake anahesabiwa kuwa alijua. Mtu anayeshinda siku nzima katikati ya malata atasemaje kwamba hajui BG 28 na BG 32? Hoja hiyo avoka wa Kolwezi anaweza kuileta mbele ya tribinali yetu, kwa sababu kitabu kimetoka kwenye shina moja.

Na ule mstari wa chini ya fakture? Kanuni inamruhusu muuzaji asiyejua kasoro kupatana na mnunuzi kwamba hatadhamini. Anayejua hawezi kujificha nyuma ya maandishi. Zaidi ya hayo, kusema "hairudishwi wala haibadilishwi" kunamhusu mtu aliyebadili mawazo nyumbani, aliyetaka rangi nyingine. Si sawa na kusema "nakuuzia kitu chenye kasoro na wewe umekubali." Mstari ule una nguvu kwa sababu tunauogopa. Mbele ya jaji, una maswali mengi ya kujibu.

7. Kinachokosekana ni ushahidi na haraka

Sasa tumefika kwenye neno langu lenyewe. Tunapenda kusema "Kongo hakuna sheria." Kwa jambo hili si kweli. Sheria iko, ni ya kizee, iliandikwa kwa Kifaransa na kwa ajili ya watu wengine, lakini tangu uhuru ni yetu. Tulichokosa ni mazoea ya kuiita, kwa sababu ya historia mbili: ya koloni iliyotuweka nje ya kitabu, na ya kampuni iliyotutengenezea paa bila kutufundisha kununua lata. Na mazoea, tofauti na sheria, hayasubiri bunge. Yanaweza kuanza katika familia zetu, na sisi tuliopata nafasi ya kusoma ndio wa kwanza kuulizwa.

Mazoea yenyewe si makubwa. Fakture iandikwe kitu kamili: si "malata 40" tu, ni "malata 40 BG 28, jina la kiwanda, urefu." Si "simenti mifuko 60," ni simenti ya jina gani, 32.5 ao 42.5, na tarehe iliyo kwenye mfuko. Neno likiwa limeandikwa, muuzaji ameahidi, na kifungu cha 33 kinamshika. Bila neno hilo, mama wa mfano wetu hana BG 28 ya kudai.

Kipande cha lata kilichobaki kisitupwe. Mfuko mmoja mtupu wa simenti uhifadhiwe na picha zipigwe kabla ya kazi. Kila mwanafunzi wa mekanika anajua kutumia palmer, kile chombo cha kupimia unene. Kazi ya dakika mbili inaweza kuokoa paa zima kabla halijapanda juu. Mwanafunzi wa ujenzi anajua kwamba mfuko wenye mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole si wa kupokea. Hayo ni maarifa tuliyoyalipia feza ya shule. Mama zetu wanayahitaji siku moja tu, siku ya kununua.

Kasoro ikionekana, haraka. Fikihi ilisema mara moja, Roma ikahesabu miezi, Ufaransa tangu 2005 inatoa miaka miwili tangu kugundua. Sheria yetu ya zamani haimpi mnunuzi nafasi ya kulala, na anayengoja mvua ya tatu anaharibu kesi yake mwenyewe. Andika barua, taja tarehe, eleza kasoro, dai unachotaka, na mpokeaji asaini nakala. Watu wengi wanapatana hapo, maana mwenye depo naye anaijua thamani ya jina lake mtaani, na yeye pia ana msambazaji wa kumgeukia. Muuzaji wengine wamedanganywa kama sisi: mzigo umefika Kasumbalesa umeandikwa hivi, ndani uko vile. Barua yako inampa nguvu ya kudai huko juu. Ikishindikana, kuna mkubwa wa mtaa, kuna tribinali, kuna mashirika ya haki hapa mjini.

Tusidanganyane, kesi inakula feza na siku. Kwa malata 10 hakuna atakayekwenda kwa jaji, na wauzaji wabaya wanajua hivyo. Ndiyo sababu fakture iliyoandikwa vizuri ina maana kuliko kesi: inafanya kazi yake kabla ya ugomvi. Muuzaji anayejua kwamba lile lata ni BG 32 atasita kuandika BG 28 kwa mkono wake mwenyewe na kuweka sahihi. Ukimwona anasita, umepata jibu bila avoka, na feza yako iko bado mfukoni.

Basi, wenzangu, mtu wa nyumbani akikwambia kesho anakwenda kununua malata, msindikize. Kabla hajahesabu dola, omba kwa heshima: "Papa, utuandikie BG kwenye fakture." Halafu ngoja uone kalamu yake.